Mchungaji wa Kweli na Mtu wa Mshahara: Manabii wa Izraeli na Walinzi wa Bushi



Mtoto wa vilima vya Walungu hujifunza kuchunga kabla ya kujifunza kusoma. Kabla hajajua herufi, anajua kwamba mbuzi wakiingia katika maharagwe ya jirani, ataulizwa yeye. Anajua pia kwamba mnyama akipotea jioni, hakuna kula mpaka apatikane. Basi tunaposoma katika Maandiko Matakatifu kwamba Mungu anawadai wachungaji kondoo wake, hatuhitaji mwalimu wa kutueleza neno hilo. Kazi yetu ni kuuliza: manabii walimtambuaje mchungaji mwaminifu, nao walimtambuaje asiye mwaminifu? Tena, je, Eklezia ya kwetu imeona hayo kwa macho yake?

Tutaangalia kwanza Izraeli, kisha tutarudi hapa Bushi. Hatutatafuta mbali, kwa maana shahidi mmoja alizaliwa hapa hapa Walungu, upande wa Burhale.

I. VIONGOZI WA IZRAELI

Taifa la Izraeli liliongozwa na watu wa namna nyingi: mfalme, kuhani, mwenye hekima, nabii. Kitabu cha Yeremia (sura 18) kinaonyesha namna watu walivyowagawia kazi: sheria kwa kuhani, shauri kwa mwenye hekima, neno kwa nabii. Jina la «mchungaji» lilikuwa kwanza jina la wafalme. Hata Hammurabi, mfalme wa Babiloni wa zamani sana, katika utangulizi wa sheria zake alijiita mchungaji wa watu. Manabii wanapowakemea wachungaji, basi, wanawalenga kwanza wakubwa wa taifa. Lakini neno lao linamfikia kila mtu aliyekabidhiwa roho za wengine.

Mwanzoni tunamwona Amosi, yapata mwaka 760 kabla ya Kristu. Alikuwa mtu wa mifugo kutoka Tekoa, tena mtunza mikuyu. Alikwenda Beteli, patakatifu pa ufalme wa kaskazini, akasema juu ya maskini wanaouzwa kwa fedha. Amazia kuhani akamfukuza. Tazameni vizuri sababu aliyoitoa. Hakusema kwamba Amosi amesema uongo. Alisema kwamba Beteli ni patakatifu pa mfalme. Ndipo ugonjwa ulipo: nyumba ya Mungu imekuwa nyumba ya mfalme, na kuhani amekuwa mlinzi wa mlango wa mkubwa wake.

Baada yake Hosea (sura 4) anawashtaki makuhani kwa jambo jingine. Watu wanaangamia kwa kukosa maarifa, na aliyepaswa kuwafundisha ni kuhani. Tena makuhani wanashibishwa na dhambi za watu. Maana yake ni nini? Sadaka za dhambi zilileta nyama kwa makuhani. Basi watu wakizidi kukosa, nyama inazidi. Kuhani wa namna hiyo hatatamani kweli watu waongoke. Naye Mikea (sura 3) anasema juu ya manabii wanaotangaza amani kwa yule anayewatia chakula kinywani, na vita kwa yule asiyewapa kitu.

Amazia, makuhani wa Hosea na manabii wa Mikea hawakumkana Mungu. Waliendelea na ibada, walivaa mavazi yao, walijua sala zao. Ukosefu wa uaminifu haukuanza kwa kuacha altare. Ulianza walipoitumia.

II. YEREMIA NA HANANIA

Mwaka 597 kabla ya Kristu, Nebukadneza mfalme wa Babiloni alimchukua mateka mfalme Yoyakini pamoja na wakubwa, mafundi, na vyombo vya hekalu. Miaka michache baadaye watu wa Yeruzalemu walikuwa na swali moja tu: lini mambo haya yatakwisha? Ndipo nabii Hanania alisimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwamba kwa muda wa miaka miwili vyombo na mateka vitarudi. Yeremia alikuwa amevaa nira ya mti shingoni, ishara ya kwamba wataendelea kumtumikia Babiloni. Hanania akaichukua ile nira akaivunja (sura 28).

Sura hiyo ingefaa isomwe na kila mseminari kabla ya daraja. Hanania anasema kwa jina la Bwana wa majeshi, kwa maneno yale yale ya Yeremia. Anatumia ishara kama Yeremia. Anasema habari njema, tena hekaluni. Masikio hayawezi kuwatenganisha. Hata Yeremia mwenyewe hakumjibu kwa hasira. Alisema Amina, Bwana afanye hivyo! Kisha akaenda zake, akangoja mpaka Mungu aseme naye. Baadaye ndipo alirudi na neno kali: nira ya mti imekuwa nira ya chuma. Mwaka huo huo Hanania alikufa.

Basi alama ziko wapi? Tukisoma sura ya 23 pamoja na maisha ya Yeremia, tunaona tatu.

Ya kwanza: nabii wa uongo anawapa watu neno wanalolitaka. Anasema kwamba kuna amani, wala amani haipo. Anaponya jeraha juu juu tu, kama mtu anayefunga kitambaa safi juu ya kidonda chenye usaha.

Ya pili: hamwiti mtu kuongoka. Kama manabii hao wangesimama katika baraza la Mungu, asema Bwana, wangewarudisha watu kutoka njia yao mbaya. Hanania hakumwambia tajiri mmoja arudishe alichonyang'anya.

Ya tatu: neno lake halimpotezei kitu. Yeremia alipigwa na kuhani Pashuri akafungwa katika mikatale. Baadaye alishushwa ndani ya shimo lenye matope. Aliyemtoa alikuwa Ebedi-Meleki, Mkushi, mtu wa Afrika, aliyekwenda kumsihi mfalme, kisha akashusha nguo kuukuu ili kamba zisimwumize nabii kwapani. Tusimsahau ndugu yetu huyo. Si kila mmoja wetu ataitwa kuwa Yeremia, lakini kila mmoja anaweza kushika kamba.

Yeruzalemu ulianguka mwaka 587. Nebuzaradani, mkubwa wa askari, alimfungua Yeremia minyororo, akamwambia achague: kwenda Babiloni na kutunzwa vizuri, au kubaki. Yeremia alibaki Mispa pamoja na maskini walioachwa katika nchi (sura 40). Alikuwa amewaambia ukweli miaka arobaini wala hawakumsikiliza; sasa alikuwa na haki ya kuondoka. Lakini hakuondoka.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila atangazaye mabaya ni nabii wa kweli. Yeremia huyo huyo aliwaandikia mateka wa Babiloni wajenge nyumba, wapande bustani, wauombee mji ule (sura 29). Neno la kweli hupasua jeraha ili kuliponya. Mwenye kupasua tu bila kuponya, naye si mchungaji.

III. MLINZI NA KUNDI

Wakati huo huo Ezekieli, kuhani aliyechukuliwa mateka, alisema kule Babiloni. Sura mbili zake zinafuatana, nazo zinasomwa vizuri pamoja.

Katika sura ya 33 kiongozi ni mlinzi juu ya ukuta. Akiona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watu itadaiwa kwake. Mlinzi huyo hakuua mtu. Alinyamaza tu. Lakini mbele ya Mungu kunyamaza kwake kumehesabiwa pamoja na upanga.

Katika sura ya 34 kiongozi ni mchungaji, na mashtaka yake ni wazi. Wachungaji wamejilisha wenyewe. Wamevaa sufu na kuchinja walionona. Walio dhaifu hawakuwatia nguvu, wagonjwa hawakuwaponya, waliovunjika hawakuwafunga, waliopotea hawakuwatafuta. Wamewatawala kwa nguvu na ukali. Ndipo Mungu anasema kwamba atawanyang'anya kundi na kulichunga mwenyewe. Neno hilo lilitimia katika Yezu Kristu. Katika Evanjelio ya Yoane, sura ya 10, anajiita Mchungaji Mwema, naye anatupa alama ya mwisho: mtu wa mshahara hukimbia amwonapo mbwa mwitu.

IV. MWANA WA BURHALE

Sasa turudi nyumbani. Christophe Munzihirwa alizaliwa mwaka 1926 kule Lukumbo, upande wa Burhale. Alipewa upadri mwaka 1958. Mwaka uliofuata Vikariati ya Bukavu ilifanywa jimbo kuu. Mwaka 1963 aliingia Shirika la Yezu. Mwaka 1971, Mobutu alipowalazimisha wanafunzi wa Lovanium kuingia jeshini, yeye, padri na mlezi wa vijana, aliomba kuandikwa pamoja nao. Baadaye alikuwa mkubwa wa Wayezuiti wa Afrika ya Kati, kisha askofu wa Kasongo, na mwaka 1994 akawa Askofu Mkuu wa Bukavu.

Ulikuwa mwaka wa maangamizi ya Watutsi katika Rwanda. Mwezi wa saba mamia ya maelfu ya wakimbizi walivuka mpaka wakaingia Kivu. Kati yao walikuwamo wenye damu mikononi, na walikuwamo wazee, akina mama na watoto wasio na kosa. Askofu Mkuu alisema kwamba wenye hatia wahukumiwe kwa haki, lakini wasio na hatia wasiuawe pamoja nao. Neno hilo halikuwapendeza wote. Wengine walimwona kama rafiki wa wauaji. Vile vile hakuwaachia askari wa Zaire waliowanyang'anya wananchi, wala wakubwa waliofanya biashara ya taabu ya watu. Mtu wa namna hiyo hana upande wa kujificha.

Mwezi wa kumi 1996 vita viliukaribia mji. Wakubwa wa Leta na wa jeshi walianza kukimbia, na askari waliopaswa kuulinda mji waliupora. Yeye alibaki. Aliandika na kusema kwa redio, akawaomba watu wasimame imara katika upendo, wala wasitiwe chuki ya kabila. Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, pale Nyawera, askari wa AFDL na wa jeshi la Rwanda waliokuwa wameingia mjini walisimamisha gari lake. Washahidi walisema kwamba alishuka akiwa na msalaba mkononi. Walimwua. Maiti yake ililala barabarani mpaka siku iliyofuata.

Tukiziweka alama za Yeremia mbele ya mtu huyo, tunaziona zote. Hakuwapa watu neno la kupendeza. Aliwaita wote kuongoka, wenyeji na wageni. Neno lake lilimgharimu uhai. Tena, kama Yeremia pale Mispa, njia ya kuondoka ilikuwa wazi, wala hakuishika. Eklezia inamwita sasa Mtumishi wa Mungu, na kesi ya kumweka kati ya wenye heri imefunguliwa.

V. NENO LA NOELI

Aliyemfuata alikuwa Emmanuel Kataliko, askofu wa Butembo-Beni tangu mwaka 1966. Aliletwa Bukavu mwaka 1997, mtu mwenye umri wa miaka zaidi ya sitini, katika kiti chenye damu. Mwaka 1998 vita vya pili vilianza. Mwezi wa nane wa mwaka huo, kule Kasika, katika Mwenga, padri na watawa waliuawa pamoja na mwami na mamia ya watu.

Kwa Noeli ya mwaka 1999 Askofu Mkuu aliandika barua kwa waamini. Alisema waziwazi kwamba mataifa ya kigeni, wakisaidiwa na baadhi ya ndugu zetu Wakongomani, wanafanya vita kwa mali ya nchi yetu, na kwamba mtu amefanywa mtumwa. Lakini hakuishia hapo. Aliwakumbusha wakristu kwamba nguvu ya Evanjelio ni nguvu ya msalaba, wala si ya silaha. Tarehe 12 Februari 2000 watawala wa RCD walimzuia asirudi Bukavu. Wakampeleka Butembo, kama Amosi aliyeambiwa arudi kwao. Kumbe hawakujua kwamba kule kwao ndiko alikochunga miaka 31! Mapadri na waamini wa Bukavu hawakunyamaza, mpaka alirudishwa tarehe 14 Septemba, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba. Tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo alifariki ghafula karibu na Roma, alikokwenda kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika.

Mtu atauliza: je, mambo hayo si siasa? Padri anatafuta nini humo? Jibu liko katika Ezekieli. Mchungaji hatafuti kiti cha mfalme. Anatafuta kondoo aliyevunjika mguu. Wala Munzihirwa wala Kataliko hakuomba uwaziri, hakuunda chama, hakumbariki jemadari. Padri anayefanya kampeni kwa ajili ya mtu wa kwao ameingia siasa. Padri anayesema kwamba mwanamke wa Kaniola asitekwe, na mali ya mkulima isinyang'anywe, amefanya kazi ya mlinzi.

VI. MBWA MWITU AKIVAA STOLA

Tungekuwa waongo kama tungetaja mashujaa tu. Ng'ambo ya ziwa letu, kule Nyange katika Rwanda, mwezi wa nne 1994, watu wapatao 1,500 au zaidi walikimbilia kanisani. Kanisa lile liliangushwa juu yao kwa tingatinga. Padri wa mahali hapo, Athanase Seromba, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Arusha, na mwaka 2008 wakuu wa rufani walimpa kifungo cha maisha. Mwaka 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Eklezia na za watoto wake katika maangamizi yale.

Tusiseme: hayo ni ya Wanyarwanda. Padri yule alisoma seminari kama sisi. Alijua Kilatini, alijua tauhidi, alijua Evanjelio ya Mchungaji Mwema. Hakuna aliyemfundisha kubomoa kanisa. Lakini mtu hafiki hapo kwa siku moja. Kwanza anazoea kuhesabu makabila mezani. Kisha anacheka mzaha wa chuki. Kisha anakaa karibu na wenye nguvu, kwa sababu wana gari na petroli. Siku ya upanga inapofika, tarumbeta imekwisha kushika kutu mkononi mwake.

VII. NA SISI?

Walungu imelia sana. Mwezi wa tano 2007, huko Kaniola, watu waliuawa usiku majumbani mwao na wengine wakapelekwa porini. Mwezi wa kumi na mbili 2009, padri Daniel Cizimya aliuawa katika parokia ya Kabare, na siku chache baadaye mtawa mmoja wa Murhesa. Mwezi wa pili 2025 mji wa Bukavu uliingiwa tena na waasi, wakati huu wa M23, na watu waliuliza swali la zamani: nani atabaki nasi?

Swali hilo halijibiwi siku ile. Linajibiwa leo, katika mambo madogo. Ndiyo maana tunawaachia maswali matatu ya kuchunguza dhamiri.

La kwanza ni la Hosea: nakula nini? Je, maskini wa kijiji anaweza kubatiza mtoto na kumzika mzazi bila kuogopa bei? Je, mali ya wafanyabiashara wa dhahabu ya Mukungwe inaponunua mabati ya kanisa, ninaweza bado kuhubiri juu ya watoto wanaochimba?

La pili ni la Yeremia: watu wanapotoka katika mahubiri yangu, je, kuna mtu anayerudisha alichoiba? Siku hizi Hanania ni wengi, kila kilima na nabii wake, wakiahidi mali, ndoa na safari ya Ulaya kwa muda mfupi. Tusiwashinde kwa kuahidi zaidi. Tuwashinde kwa kuwatembelea wagonjwa wakati wa mvua.

La tatu ni la Ezekieli: niliona upanga gani nikanyamaza? Wakatekista, hapa ninyi mara nyingi mmetutangulia. Padri ana gari na ana makao mjini. Katekista ana shamba lake na kanisa lake la nyasi. Siku ya vita anakimbia pamoja na watu, analala nao porini, asubuhi anaanza sala. Maandiko hayataji mshahara wake, lakini yanamtaja yeye kila yanapomtaja mchungaji aliyebaki.

Makaburi ya maaskofu wetu yako Bukavu, kwenye kanisa kuu la Bikira Maria wa Amani. Waseminari, mkipita pale, msipige picha tu. Pigeni magoti, muombe kitu kimoja: kwamba siku mbwa mwitu atakapokuja, kondoo wakigeuka nyuma kututafuta, watukute mahali petu.